Kura ya Kasarani Huanzia Mtaani

Hotuba kwa viongozi wa klabu, makocha na waamuzi wa Mombasa, katika ukumbi wa Tononoka

Wazee wangu, mama zetu, makocha, waamuzi, na nyinyi vijana mliosimama huko nyuma kwa kukosa viti: asalaam aleikum, na wote hamjambo.

Ahsanteni kwa kuniita. Najua mliposikia kwamba leo tutazungumzia uongozi wa soka nchini, wengi mlitarajia nitaje watu. Fulani aondoke, fulani arudi, fulani kala, fulani kaonewa. Sitafanya hivyo, wala siogopi mtu. Tumetaja majina miaka ishirini na zaidi, na mtoto wa Kisauni bado anacheza peku kwenye kiwanja cha mawe. Mimi nimekuja kuzungumza nanyi habari ya kura. Sina maana ya ile ya Kasarani tunayoitazama kwenye runinga. Nataka tuzungumzie kura ya hapa kwetu.

Tarehe 7 Desemba 2024 wajumbe walikusanyika Kasarani, kule Nairobi, wakamchagua Hussein Mohammed kuwa rais wa Shirikisho la Soka la Kenya, FKF, na McDonald Mariga kuwa makamu wake. Nchi yenye mamilioni ya wapenzi wa mpira, waliopiga kura hawakufika mia moja. Sasa nauliza ukumbi huu: nani alipiga kura siku ile kwa jina la Mombasa? Nani alimtuma? Aliporudi, alikuita wapi akakueleza alimpa nani kura na kwa sababu gani? Anayejua ainue mkono.

Naona mikono michache, na mingi ni ya watu wa tawi la FKF la kaunti wenyewe. Sisemi haya kuwaaibisha waliokuwa wajumbe. Walikwenda kwa mujibu wa katiba ya shirikisho, wakapiga kura, wakarudi. Hakuna kanuni waliyoivunja. Lakini sisi wengine ambao kutwa tuko vijiweni tukigombana kuhusu rais wa FKF, hatukujua hata nani katubebea sauti. Tunafanya kama watu wanaokuja siku ya walima kumtia kasoro bibi harusi, na siku ya posa hawakuonekana.

Turudi nyuma kidogo, kwa sababu humu wamo ambao mwaka 2004 walikuwa bado hawajazaliwa. Mapema mwaka ule Harambee Stars, timu yetu ya taifa, walikuwa Tunisia kwenye Kombe la Mataifa ya Afrika, wakaifunga Burkina Faso 3-0. Nchi nzima ilifurahi. Kufika Juni mwaka huohuo, FIFA ikatufungia, kwa kuwa serikali iliingia kati ya uongozi wa shirikisho la wakati ule, KFF. Adhabu ikaondolewa baada ya muda mfupi, halafu Oktoba 2006 tukafungiwa tena, mpaka Machi 2007. Mara mbili ndani ya miaka mitatu, tena na kizazi cha wachezaji kilichokuwa kimetupeleka Afrika.

Halafu ukaja wakati ambao mimi nauona mbaya kuliko ule wa kufungiwa, maana huu hata jina lake hatukuweza kulieleza kwa watoto. Kuanzia 2008 nchi moja ilikuwa na mashirikisho mawili. Kulikuwa na KFF upande huu, na Football Kenya Limited upande ule. Kila mmoja ana mwenyekiti wake, ana barua zake, ana matawi yake. Kesi ilifika mpaka kwenye mahakama ya usuluhishi wa michezo kule Lausanne, Uswisi. Waamuzi wa mtaani waliulizwa wako upande gani kabla ya kupewa mechi. Klabu ikilipa ada huku, inaambiwa ada halisi ni ya kule. Yalikwisha Oktoba 2011, ulipofanywa uchaguzi wa pamoja, Sam Nyamweya akashinda, na jina likawa hili tulilo nalo leo, FKF.

Nataka niseme jambo hapa, na naomba mnivumilie kwa sababu ni zito kwetu Wapwani. Kila ukifika uchaguzi husikia humu mjini: safari hii tupate mtu wetu. Tumpate mtoto wa Pwani akakae juu, mambo yatanyooka. Jamaa zangu, tulishampata. Mwenyekiti wa Football Kenya Limited katika miaka ile ya mashirikisho mawili alikuwa Mohammed Hatimy, mtu wa Mombasa. Simlaumu, mgogoro ule ulikuwa mkubwa kuliko mtu mmoja, na waliokuwa upande wa pili nao walikuwa na hoja zao. Ninachosema ni kwamba kuwa na mtu wetu juu hakukuleta uwanja hata mmoja hapa, kwa sababu sisi huku chini hatukuwa tumejipanga kumdai chochote. Kiongozi asiyedaiwa na waliomchagua humsikiliza anayemdai, na anayemdai yuko karibu naye, Nairobi.

Februari 2016 akachaguliwa Nick Mwendwa. Mwaka 2019 Stars wakarudi Kombe la Afrika, Misri, miaka 15 tangu Tunisia. Wakaifunga Tanzania 3-2, na usiku ule najua mlikuwa barabarani, mimi pia. Sifa hiyo ni ya wachezaji na pia ni ya ofisi iliyokuwapo. Tusiwe watu wa kusahau jema kwa sababu ya baya lililofuata. Na baya lilifuata. Uchaguzi uliotakiwa kufanywa mwishoni mwa mwaka ule ulifutwa na Jopo la Mizozo ya Michezo Desemba 2019, baada ya baadhi ya kaunti kuwa zimekwisha kupiga kura zao. Ukaandaliwa mwingine, nao ukafutwa Machi 2020. Mwishowe ulifanywa Oktoba 2020 na Mwendwa akarudi kwa kipindi cha pili.

Tarehe 11 Novemba 2021, Waziri wa Michezo wa wakati huo, Amina Mohamed, akaivunja FKF baada ya ukaguzi wa hesabu zake, akaweka kamati ya muda chini ya jaji mstaafu Aaron Ringera. Humu ndani tulipiga makofi. Nami niliona kwamba serikali ina haki ya kuuliza pesa ya umma imekwenda wapi, na mpaka leo naamini ina haki hiyo. Lakini kuuliza hesabu ni jambo moja, na kuweka viongozi wapya ni jingine. FIFA haikubali serikali iwateue viongozi wa shirikisho, na hilo halikuwa siri, kwa sababu lilikuwa limetupata 2004 na 2006. Tarehe 24 Februari 2022 tukafungiwa. Tukakaa hivyo mpaka tarehe 28 Novemba, baada ya waziri mpya, Ababu Namwamba, kuirudisha ofisi ileile iliyovunjwa.

Tulipiga duara, tukarudi tulipoanzia. Na sasa niwaambie nani alilipa.

Harambee Starlets, timu yetu ya taifa ya wanawake, walikuwa wakiwania kwenda Kombe la Afrika la wanawake la 2022. Raundi ya kwanza waliichapa Sudan Kusini, mechi mbili, jumla ya mabao 15 kwa 1. Mabao kumi na tano! Ilibaki Uganda tu. Washinde Uganda, wapande ndege waende Morocco. Timu ikaondolewa katikati ya vurugu za ofisi, Uganda ikapita bila kutoka jasho, na Julai mabinti wa Uganda wakawa Morocco, wetu wakawa nyumbani. Msichana wa miaka ishirini na mbili hapewi nafasi kama ile mara nyingi. Wapo waliokuwa na nafasi hiyo moja tu. Hawakumkosea mtu, hawakuwa na kura tawini, hawakuwa wajumbe wala wakaguzi wa hesabu. Tunapozungumzia siasa za shirikisho kama burudani ya kijiweni, naomba tuwakumbuke hao.

Wanaume nao wakaondolewa kwenye michujo ya Kombe la Afrika la 2023, kabla hata ya kukanyaga uwanja. Bingwa wetu wa ligi hakwenda kwenye mashindano ya klabu ya Afrika. Na ofisi iliporudi, ikaufuta msimu mzima wa 2021/22 kwa sababu ligi ile iliendeshwa na kamati ambayo ofisi hiyo haikuitambua. Fikiria mchezaji aliyekimbia msimu mzima akaambiwa hakucheza.

Kwa hiyo nikiangalia miaka hii yote, naona uongozi wa soka letu umejaribiwa kubadilishwa kwa njia tatu. Waziri ameubadilisha kwa amri, na kila mara tukafungiwa, na waliotolewa wakarudi. Jopo na mahakama zimefuta chaguzi, na pengine zilikuwa na haki kisheria, ila mahakama haiwezi kukuchagulia kiongozi. Inakurudisha tu kwenye sanduku. Na sanduku, pamoja na uchafu wake wote, ndilo lililoleta mabadiliko yaliyokaa: 2011, 2016, 2024. Ndiyo maana nasema tuache kumsubiri waziri. Anayetaka shirikisho libadilike aende kwenye sanduku, na sanduku letu sisi liko tawini.

Sasa hapa ndipo penye shida yenyewe, na hapa nitakaa kidogo.

Wajumbe wa Kasarani wanatoka katika matawi ya kaunti, klabu za ligi za juu, na makundi mengine machache. Matawi ndiyo mengi zaidi. Na viongozi wa tawi wanachaguliwa na nani? Na klabu zilizosajiliwa katika kaunti. Nyinyi. Kwa hiyo mwenye kulishika daftari la klabu za kaunti ameshika tawi, na mwenye kuyashika matawi ameishika Kasarani. Mgombea urais hana haja ya kuja Mombasa kuwashawishi wapenzi wa mpira. Akijua daftari lilivyo, atapiga simu chache tu.

Nimewahi kukaa kwenye uchaguzi wa tawi mmoja, sitaitaja kaunti. Mlangoni iliwekwa meza, karani ana orodha, kila mjumbe wa klabu anaonyesha barua na kitambulisho. Akaja bwana mmoja na bahasha ya kaki. Ndani yake mna barua ya klabu ambayo hakuna kocha yeyote pale aliyepata kucheza nayo. Muhuri ulikuwa mpya kabisa, wino wake bado unashika kidole. Mzee mmoja akamuuliza kwa upole, "Timu yako inafanyia wapi mazoezi, mwanangu?" Yule bwana akamwangalia karani. Karani akaangalia orodha, akasema, "Jina lipo." Likaishia hapo, akaingia akapiga kura. Nyuma yake alikuwapo kocha anayelea vijana mtaani kwake kwa pesa ya mfukoni, timu ya wavulana na timu ya wasichana, koni zake amezikata kutoka madumu ya mafuta. Yeye jina lake halikuwamo. Aliambiwa ada ililipwa ikiwa imechelewa. Alikaa nje kwenye ngazi mpaka uchaguzi ukaisha.

Zile tunaziita klabu za mfukoni, na kila mtu humu anazijua. Zina muhuri lakini hazina mpira. Huzaliwa mwaka wa uchaguzi na hufa wiki inayofuata. Tangu Sheria ya Michezo ya 2013, klabu inatakiwa isajiliwe kwa Msajili wa Michezo, iwe na katiba na viongozi waliochaguliwa. Sheria ni nzuri. Ila cheti hakiwezi kumwambia msajili kama kuna watoto wanaokuja mazoezini Jumanne jioni. Hilo tunaliweza sisi tunaoishi hapa, na hatulifanyi, kwa sababu pengine aliyeleta klabu ya mfukoni ni jamaa yetu, au anampigia kura mtu tunayemtaka. Leo kwa mtu wetu, kesho kwa mtu wao. Uchafu ni uleule.

Wapo wanaoniuliza, vita vyote hivi vya nini kwa cheo kisicho na mshahara wa wazi? Pesa ipo. Katika mpango wa FIFA wa 2023 hadi 2026, kila shirikisho mwanachama linaweza kupata mpaka dola milioni 8 kwa uendeshaji na miradi. Ongeza wafadhili, haki za matangazo, safari za timu ya taifa, na mashindano ambayo Kenya inaandaa pamoja na Tanzania na Uganda: CHAN, ile ya wachezaji wa ligi za ndani, tuliyoiona Agosti 2025, na Kombe la Afrika la 2027. Anayekaa kwenye kamati kuu anaamua mengi.

Na sisi Mombasa, katika hayo yote, tuko wapi? Mechi za Kenya za CHAN zilichezwa Nairobi, Kasarani na Nyayo. Watu wetu walipanda treni na mabasi kwenda kuwatazama Stars wakiifunga Morocco. Bandari waliposhinda kombe la FKF mwaka 2019 wakaiwakilisha nchi Afrika, mechi zao za nyumbani walicheza Nairobi, kwa sababu mji huu haukuwa na uwanja uliokubalika. Klabu ya bandarini, na nyumbani kwake ni umbali wa kilomita karibu mia tano! Uwanja wa Manispaa ulianza kujengwa upya enzi ya gavana wa kwanza. Hili si la shirikisho peke yake, ni la kaunti na serikali kuu pia. Lakini shirikisho lenye wajumbe wa Pwani wanaouliza maswali lingelisemea. Na mji huu si mgeni wa mpira. Mwaka 1965 bingwa wa ligi ya taifa alikuwa Feisal, timu ya hapa Mombasa. Wazee waliowaona wakicheza bado tunao, muwaulize.

Kuhusu uongozi wa sasa nitasema kwa ufupi. Uchaguzi wa 2024 ulikuwa na mambo ya kutia moyo. Rais aliyemaliza vipindi viwili, Mwendwa, aliingia kwenye kinyang'anyiro kama mgombea mwenza wa aliyekuwa makamu wake, Doris Petra, na wajumbe wakakataa. Mimi naona walifanya vyema, kwa kuwa kikomo cha vipindi hakina maana ikiwa mtu atatoka mlango wa mbele na kurudi kwa wa nyuma. Makamu wa rais ni mchezaji, Mariga, aliyekuwa kwenye kikosi cha Inter kilichotwaa Ligi ya Mabingwa Ulaya 2010. Nafurahi kumwona mtu aliyevaa jezi akikaa kwenye meza kuu. Ila kuvaa jezi hakumfanyi mtu asiulizwe, na rais mpya hujaribiwa anapoanza kuitazama kura ya kipindi cha pili. Uchaguzi ujao, kama kalenda haitavurugwa tena, ni mwisho wa 2028. Wanaotaka kuendelea na wanaotaka kuwatoa watakuja kulitafuta daftari letu muda mrefu kabla ya hapo. Tuwe tumelisafisha kabla hawajafika.

Nina mapendekezo, na nataka myajadili leo leo, msiyapeleke kwenye kamati.

La kwanza ndilo kubwa. Tuwe na orodha yetu wenyewe ya klabu zilizo hai. Iwe orodha ya wenye mpira, tofauti na ile ya tawi, tuipeleke kwa tawi na kwa Msajili wa Michezo ikiwa na saini zetu. Klabu iliyo hai na haijasajiliwa, tuichangie ada na kuisaidia kuandika katiba. Klabu iliyo kwenye daftari la tawi na hakuna anayejua kiwanja chake, tuulize kwa maandishi, na tuulize mapema. Pingamizi la wiki ya uchaguzi hupelekwa mahakamani, na mahakamani ndiko tulikopotezea miaka.

Wajumbe watakaokwenda Kasarani kwa jina letu wafanye mkutano wa wazi hapa kabla ya kuondoka, na mwingine wakirudi. Nauli na malazi yao tuyajue yanalipwa na nani. Mjumbe akilipiwa hoteli na mgombea, ameshapiga kura kabla ya kufika.

Na timu za wasichana zisiwe pambo. Klabu yenye timu ya wasichana inayocheza ligi, kiongozi wake akae kwenye kamati ya orodha hii kwa haki, asiitwe siku ya kupiga picha. Waamuzi nao vilevile, kwa sababu wao ndio wanaotembelea viwanja vyote na wanajua nani anacheza na nani ana muhuri tu.

Daftari liko kwenye meza ile karibu na mlango. Kabla hujatoka, andika jina la klabu yako, kiwanja, siku na saa za mazoezi, na idadi ya wachezaji, wavulana na wasichana. Usiandike idadi unayoitamani. Kuanzia Jumamosi tutazunguka kuthibitisha, kocha mmoja, mwamuzi mmoja na mzee mmoja katika kila kundi, na hakuna atakayekagua mtaa wake mwenyewe. Tunaanza Likoni, tunavuka na feri ya alfajiri, halafu Changamwe na Jomvu. Jumapili ni Kisauni, Nyali na Mvita. Makocha wa Likoni, vijana wawe kiwanjani saa kumi na mbili na nusu asubuhi.